Moyo Wangu Si Kipande



Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu ambacho kila mmoja wetu anacho na wachache hukifikiria: mapigo ya moyo. Ziko kampuni, na yako majeshi, yaliyoanza kuyatazama mapigo hayo kama alama ya kumtambua mtu, sawa na kidole au mboni ya jicho. Na tuko sisi wengine tunaoyasikia mapigo yetu sikioni usiku na mchana, na tukisema hakuna wa kutusikiliza.

Mimi nimeishi na hali hiyo ya pili kwa miaka minne, na ndiyo iliyonifanya niifuatilie ile ya kwanza. Hoja yangu naiweka mapema ili asiye na muda asiikose. Moyo wa mtu usikilizwe kwanza hospitalini. Hilo bado halijapatikana, na mpaka lipatikane hakuna ofisi wala askari mwenye haki ya kuusikiliza mlangoni. Na hata likipatikana, iwe kwa idhini ya mwenyewe na kwa sheria.

SAUTI ISIYOZIMIKA

Wengi wenu mnajua masikio kulia. Umetoka kwenye harusi yenye spika kubwa, umelala, sikio linapiga mluzi. Madaktari huita hali hiyo tinitasi. Yangu ni ya aina nyingine, tinitasi ya mapigo. Inakwenda fuu, fuu, fuu, sawasawa na moyo. Nikipanda ngazi inaharakisha, nikikaa inapunguza mwendo, lakini haiondoki. Ukitaka kujua kama yako ni hiyo, shika mshipa wa kifundo cha mkono na usikilize kama vinakwenda pamoja.

Sauti hiyo si ndoto. Ni damu inayopita kwenye mishipa iliyo karibu na sikio. Ikipita kwa msukosuko, au mfupa unaotenganisha mshipa na sikio ukiwa mwembamba, sikio linaisikia. Vyanzo ni vingi: upungufu wa damu, shinikizo la damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, mshipa uliobana, uvimbe mdogo nyuma ya ngoma ya sikio, mishipa iliyounganika pasipostahili, au shinikizo la maji yanayozunguka ubongo. Vingine vyatibika kwa vidonge tu. Vingine vikiachwa vinaweza kukupofusha au kukuletea kiharusi. Wagonjwa wa namna hii ni chini ya mmoja kwa kila kumi wenye tinitasi, ndiyo maana wengi hatujawahi hata kusikia jina lake.

Maisha yake ni haya. Usiku naweka kisomo cha Qur'an kwa sauti ndogo kwenye simu karibu na mto, maana kimya ndicho kinachonitesa. Nikisujudu, sauti inapanda kama matari ya maulidi nyumba ya pili, mpaka nahesabu tasbihi kwa kubahatisha. Jirani mmoja, Mungu amlipe kwa nia yake, alimwambia mama kwamba nina majini. Nilisomewa, na sijutii. Ruqya ni haki na dua ni haki. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alituagiza pia tutafute dawa, na hapo ndipo njia ilipokuwa ndefu.

Kliniki ya kwanza nilipewa matone ya kulainisha nta. Ya pili nikaambiwa ni mawazo, nipunguze simu. Hakuna aliyeweka kile kipimo cha kusikilizia moyo nyuma ya sikio langu, na kilikuwa kinaning'inia shingoni mwao. Ni kazi ya dakika moja, na kwa baadhi ya wagonjwa daktari naye husikia sauti ileile. Aliyenifaa ni daktari wa macho niliyemwendea kwa sababu nyingine kabisa. Alipomulika ndani ya jicho aliona mshipa wa fahamu wa jicho umeanza kuvimba kwa shinikizo la ndani ya kichwa. Ningekaa zaidi na yale matone, pengine leo singekuwa naandika haya.

Baadaye daktari mwingine alibonyeza shingo yangu polepole, upande mmoja, na sauti ikakatika palepale. Mshipa ule unarudisha damu kutoka kichwani. Surat Qaf, aya ya 16, inataja mshipa wa shingo pale Allah anapotueleza alivyo karibu nasi. Aya hiyo niliihifadhi madrasa nikiwa mdogo. Siku ile niliielewa kwa mwili wangu.

MOYO UNAPOGEUZWA UFUNGUO

Sasa tuje upande wa pili, kwa wale wanaotaka kuusikiliza moyo bila kuombwa.

Kipimo cha ECG huchora umeme wa moyo kwa mstari wenye vilima na mabonde. Mwendo wa moyo hubadilika ukikimbia au ukiogopa, lakini sura ya vilima vile hutegemea ukubwa wa moyo, umbo lake na jinsi ulivyokaa kifuani. Kwa hivyo watafiti wakasema kila mtu ana mchoro wake, na mchoro huo unaweza kuwa nywila. Huko Toronto, Kanada, kampuni ya Nymi ilitengeneza bangili inayomtambua mwenyewe kwa ECG, na mwaka 2015 ikafanyiwa majaribio ya kulipia bidhaa pamoja na benki ya TD na MasterCard. Yaani unanunua kwa moyo wako.

Walisema hauwezi kuigwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti walioupa jina la moyo uliovunjika. Walichukua mchoro wa ECG wa mtu kutoka kifaa kingine, wakaurekebisha, wakauchezesha mbele ya bangili ileile. Ilidanganyika kwa asilimia 81. Na hapa ndipo shida ilipo. Nywila ya simu ikiibiwa unaibadilisha kabla ya chai kupoa. Moyo ukiibiwa utauweka wapi mwingine?

Halafu likaja la jeshi. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Pentagon ina kifaa kiitwacho Jetson, kilichotengenezwa baada ya vikosi maalumu vya Marekani kukiomba. Hiki hakisomi umeme, kinasoma mtikisiko. Kinarusha leza isiyoonekana kwa macho mpaka kifuani mwa mtu aliye umbali wa mita 200, na kinaupima mtetemo mdogo ambao moyo huuleta juu ya ngozi na nguo. Shati na jaketi la kawaida hupita. Koti zito la baridi hukishinda. Kinahitaji kama nusu dakika mtu akiwa ametulia. Wenyewe walisema hupatia zaidi ya asilimia 95 hali ikiwa nzuri.

Hebu fikirieni kidogo. Ni nani duniani asiyevaa koti zito? Ni mtu wa Lamu, wa Mombasa, wa Garissa, wa Wajir. Na nusu dakika ya kutulia ni ipi? Ni kusimama stejini ukingoja matatu, ni kukaa barazani baada ya Magharibi, ni kusimama kwenye safu imamu akisoma. Tena vikosi vya Marekani kwetu si hadithi ya mbali, wako Manda Bay.

Na ile asilimia 95 isiwapumbaze. Mashine inayokosea watu watano kwa mia, ukiielekeza kwenye msikiti wenye watu elfu moja siku ya Ijumaa, inaweza kukosea watu hamsini. Hamsini hao wana mama zao nyumbani.

HAYA TUSHAYAONA

Kuna atakayesema naogopa kivuli. Mimi nasema tuangalie nyuma.

Mkoloni alipoanza kuwavisha wanaume Waafrika kipande kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kilikuwa na alama za vidole ndani na kilivaliwa shingoni kwenye kikebe cha chuma. Jina hilo mpaka leo hatujaliacha, tunaita kitambulisho kipande. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipigwa msasa peke yao na kupewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu walizolewa Eastleigh na kwingineko, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Kule kaskazini, njaa na ukame vilipowabana, maelfu ya Wakenya waliandikishwa kama wakimbizi, wengi wakiwa watoto. Walitoa kidole ili wapate chakula na matibabu. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, mashine ikawaambia nyinyi si Wakenya. Kidole kilichotolewa kwa ajili ya unga kikawa kufuli la maisha.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Data ya mwili haibaki pale ulipoitoa. Mwishoni mwa 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka data ya mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo kupitia kwake data ilifika kwa makandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ikatangaza kukata uhusiano huo. Lakini mtu alitafuta kibla, akaonyesha njia ya kwake. Na huko Ohio, mwaka 2017, jaji aliruhusu data ya kifaa cha moyo kilichopachikwa kifuani mwa mgonjwa itumike katika kesi dhidi yake ya kuchoma nyumba. Sisemi alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Nasema kifaa cha kumponya kilisimama kizimbani kutoa ushahidi.

MASHINE HUMKATAA NANI?

Kila mashine ya kusoma mwili ina watu inaowakataa, na kwa kawaida ni walewale. Alama za vidole hukataa wazee, wavuvi, wachimba mawe ambao ngozi imelika kwa kazi. Hina ikikolea kwenye ncha za vidole, bibi harusi naye husumbuliwa. Tumewaona wazee wetu kwenye vituo vya kura wakipanguswa vidole mara tatu mara nne, aibu tupu.

Mashine ya moyo itakataa wagonjwa. Mvumo wangu wa sikioni peke yake haubadilishi mchoro wa moyo, lakini baadhi ya maradhi yanayouleta huugusa moyo: tezi iliyozidi huvuruga mapigo. Shambulio la moyo hubadilisha mchoro, na baadhi ya dawa pia. Mimba inapokua huusukuma moyo ukae tofauti kifuani. Kwa hivyo mama mjamzito na mzee mwenye moyo dhaifu, watu ambao sharia na utu vinatutaka tuwatangulize, ndio watakaosimama mlangoni wakiambiwa: wewe si wewe.

NA USALAMA JE?

Swali hili ni la haki na silikimbii. Westgate 2013 walikufa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, na miongoni mwa Waislamu hakuna mwenye akili timamu asiyelia kwa wale vijana. Sisi pia tunataka kulala salama. Na hatuchukii teknolojia. Saa ya mkononi inayomtahadharisha mzee kwamba moyo wake unakwenda kombo ni neema, na natamani kila mgonjwa angekuwa nayo.

Tofauti iko hapa. Ile saa inamsikiliza mgonjwa kwa faida yake, na anaweza kuivua. Mashine ya mlangoni inamsikiliza kwa faida ya mwingine, na hana pa kuivua. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya na kupelelezana, kwa pamoja. Anayeshukiwa kwa ushahidi achunguzwe kwa amri ya mahakama. Kuwapima kifua watu wote ili kumpata mmoja ni kuwashuku wote.

SHERIA TUNAYO, TUITUMIE

Katiba, Ibara ya 31, inalinda faragha, na Ibara ya 43 inatoa haki ya kiwango cha juu cha afya. Zisomeni pamoja, msizitenganishe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka hali ya afya na alama za mwili kwenye fungu la data nyeti. Moyo haukutajwa kwa jina, lakini sheria inazungumzia maumbile ya mwili na utendaji wake, na moyo uko humo. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kukataa uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake.

Na kushinda kunawezekana. Sheria ya 2018 iliyozaa Huduma Namba ilitaja mpaka umbo la ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio. Nubian Rights Forum, watu wa Kibra waliochoka kupigwa msasa, walikwenda mahakamani pamoja na wengine, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikapiga marufuku kukusanya DNA na mahali mtu alipo. Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu athari zake kwa data hazikutathminiwa kwanza. Worldcoin nao walikuja kupiga picha mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000, vijana wakapanga foleni KICC. Agosti 2023 serikali ikasimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Waliokwenda kortini walikuwa raia kama mimi na wewe.

Basi tufanye nini?

Moja, ukisikia moyo sikioni, nenda hospitali na useme maneno haya: sauti inafuata mapigo yangu. Omba wasikilize kwa kipimo shingoni na nyuma ya sikio, wapime presha, damu na tezi, na wakutazame ndani ya macho. Ikija pamoja na maumivu makali ya kichwa, macho kufifia au kiungo kulegea, usingoje kesho.

Mbili, fungua simu yako leo. Angalia ni programu gani umeipa ruhusa ya kusoma mapigo ya moyo na mahali ulipo. Isiyohitaji, iondolee.

Tatu, kazini, chuoni au hospitalini ukiambiwa utoe alama yoyote ya mwili, uliza kwa adabu: ni ya nini, itakaa wapi na mpaka lini, na kuna njia gani nyingine mashine ikinikataa? Ukikosa jibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inawapa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.

Kwa wabunge wetu, tunadai mambo matatu. Data iliyochukuliwa kwa matibabu isitumike kwa ukaguzi wa usalama bila amri ya mahakama. Asinyimwe mtu huduma kwa sababu mashine haikumsoma. Na kabla ya shilingi moja ya umma kununua mashine ya kusoma moyo wa raia, hospitali za kaunti za Pwani na Kaskazini zipate madaktari wa masikio na vipimo vya MRI ambavyo mtoto wa maskini anaweza kuvifikia. Kwa sasa wengi wetu tunapanda basi la usiku kwenda Nairobi, na bei yake mnaijua.

Surat Al-Israa, aya ya 36, inatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi moyo ni amana. Tuulinde, na tumsaidie mwenye kuugua apate wa kumsikiliza.

Ukimjua mtu mwenye hali hii, mfikishie maneno haya. Huenda anadhani yuko peke yake.

Wabillahi tawfiq.